Redio Mbili za Bwana Karani

Mtaa wetu mzima humwita Karani, na wengi wa wanaomwita hivyo hawajui alikuwa karani wa nini. Mimi najua, kwa sababu alinieleza mara nyingi bila ya mimi kuuliza. Alikuwa karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo kule Shimanzi, bandarini Mombasa, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilichomo ndani ya sanduku. Kampuni ikafungwa, masanduku yakaenda zao, naye akarudi nyumbani na kalamu yake akaanza kutuhakiki sisi.

Kinyozi wa kona yetu alipoandika ubaoni "Tunanyowa", Karani alisimama mbele ya ubao ule akatoa kalamu ya wino mzito na kuikata ile w mbele ya wapita njia. Kinyozi akatoka na wembe mkononi, mteja nyuma yake na povu shavuni.

"Bwana Karani, wateja wangu huja kunyolewa. Hawaji kusoma."

"Ndiyo maana hutoka na makovu," Karani akamjibu, akafunga kalamu.

Mazikoni ndiko alikokuwa hodari zaidi. Mwaka mmoja jirani yetu alifariki, na mjane wake akawa anawaeleza wageni, huku akilia, kwamba mumewe alianza homa siku ya Jumatano. "Jumanne," akasema Karani, aliyekuja kutoa rambirambi. Mjane akahesabu siku kwa vidole, akasema, "Kweli, Jumanne," kisha akaendelea kulia. Watu walimtazama Karani kwa jicho baya, naye akadhani wanamstahi.

"Kila kitu na faili lake," ndilo neno alilolipenda. Na kweli kila kitu kilikuwa na faili: faili la nyumba, faili la bomba la maji, faili la jirani mmoja ambaye paka wake alikuwa na tabia mbaya. Lakini faili nene kuliko yote lilikuwa la gari.

Gari lenyewe ni la Kifaransa, rangi ya maziwa, na liko mtaani tangu kabla mimi sijajua kufunga kamba za viatu. Aliliosha kila Ijumaa kwa kitambaa kilichokuwa shuka ya kitanda chake. Aliliendesha kwa mwendo ambao siku moja, karibu na Marikiti, hamali mwenye mkokoteni wa viazi alimpita, akageuka kumwuliza kwa huruma, "Pole, mzee, limeharibika?" Karani alichukia wiki nzima. Ndani ya faili aliandika milio yote ambayo gari lile limewahi kutoa. Nimeliona kwa macho yangu: "Mlio kama wa panya, upande wa kushoto, baada ya kona." Ukurasa wa pili: "Panya amenyamaza. Sababu haijulikani."

Mimi ni fundi wa redio za magari. Kibanda changu kiko Mwembe Tayari, pale mabasi yanapopakia, na kwa miaka nilikuwa nikimwomba Bwana Karani aniruhusu niiondoe ile redio ya kaseti iliyokuwamo garini mwake. Ilikuwa redio ya vifundo viwili vya mviringo, imekufa zamani, na ndani yake mlikuwa na kaseti iliyonasa isiyotoka wala kulia. Kila nilipomwambia, alinipa hotuba ileile, na barazani aliitoa kwa sauti kubwa zaidi.

"Muziki wa simu hauna mwili," alikuwa akisema. "Kaseti unaishika. Unaijua mwanzo wake na mwisho wake. Hii ya kwenye simu inatoka wapi? Nani ameiandikia hati?"

Wazee wa barazani waliitikia kwa vichwa. Wengine walikuwa na visikizio masikioni.

Sasa niseme habari ya binti yake, maana bila hiyo mtu atadhani nilikuwa nikimcheka mzee wa watu bure.

Karani ana mtoto mmoja tu, binti, ambaye nilisoma naye madrasa moja. Alikuwa na sauti. Alipokuwa akisoma aya zake, hata mwalimu aliweka bakora chini. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kumsikia Karani akimpa mtu yeyote: alisema, "Hakukosea." Binti alipokua aliitwa kuimba kwenye harusi ya jirani, mbele ya wanawake peke yao. Mmoja wao akamrekodi kwa simu, na rekodi ikatembea kama zinavyotembea, hata ikafika barazani. Mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, akampa Karani mkono wa hongera.

Karani alirudi nyumbani moja kwa moja. Akasimama ukumbini, akamwambia binti yake mbele ya mama yake, "Sauti hiyo haitasikika tena ndani ya nyumba hii maadamu mimi ni hai."

Nadhani alitaka sauti itoke na binti abaki. Lakini binti ni mtoto wa baba yake, analichukua neno kama lilivyotamkwa. Akatia nguo zake mkobani, akaenda Tanga kwa shangazi yake, na sauti akaenda nayo. Huko akajiunga na kikundi cha taarabu. Haukupita mwaka, nyimbo zake zikawa kwenye simu za watu wote wa mji huu, na barazani pia, isipokuwa Karani alipokuwapo. Yeye aliposogea, simu zilizimwa, na wazee wakamsifu.

"Wallahi una msimamo, Bwana Karani."

"Neno ni neno," akajibu, na kifua mbele.

Miaka sita ilipita hivyo.

Siku moja asubuhi alikuja kibandani kwangu na gari, na faili kwapani. Nikambusu mkono, nikamvutia kigoda.

"Nataka redio ya kisasa," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ya simu?"

"Ya simu. Kwa ajili ya visomo vya Kurani na taarifa ya habari. Ila nina masharti." Akafungua faili. "Kwanza, hukati dashibodi. Pili, redio ya kaseti inabaki mahali pake. Tatu, hiyo mpya utaitia ndani ya kasha hili la mbele ya abiria, na kasha lina kufuli. Nne, spika zisionekane."

"Kwa nini zisionekane, Bwana Karani?"

"Visomo havihitaji kuonekana. Vinahitaji kusikika."

Ilinichukua siku mbili, na zote mbili alikaa kwenye kigoda akinihakiki. Nyaya za zamani zilikuwa zikivunjika mkononi kama biskuti. Nilivuta waya mpya kutoka kwenye betri, nikautilia fyuzi. Nikaweka spika mbili chini ya viti vya mbele na mbili chini ya ubao wa nyuma, nikazifunika kwa kitambaa cha rangi ileile ya kuta za ndani. Kila waya aliandika rangi yake.

"Huu mweusi unakwenda wapi?"

"Kwenye bodi ya gari."

"Kwa idhini ya nani?"

Nilipomaliza, redio ilikuwa ndani ya kasha, imekaa kama iliyozaliwa humo. Mbele, ile maiti ya kaseti ilibaki na vifundo vyake viwili. Nikaiunganisha redio mpya na simu yake, nikamwambia abonyeze chochote tujaribu. Akavaa miwani, akatafuta kisomo. Kidole kikateleza, kikagusa pengine, na gari zima likajaa sauti ya mwanamke. Hakuna mtu wa mtaa wetu asiyeijua sauti ile.

Akaizima haraka. Nje, utingo wa basi alikuwa akiita abiria wa mwisho.

"Tangazo," akasema Karani.

"Naam."

"Matangazo yamezidi siku hizi."

"Yamezidi kweli, Bwana Karani."

Akafunga kasha kwa ufunguo, akautia ufunguo kwenye mfuko wa shati. Alipokwisha kuliwasha gari, akateremsha kioo. "Nilisema nyumba," akaniambia, bila kunitazama. "Gari si nyumba. Soma maneno kama yalivyo."

Toka siku hiyo, kila baada ya alasiri alitoka na gari. Mkewe akiulizwa, alisema mumewe anakwenda kutazama ofisi yake ya zamani. Na kwa kweli alikuwa akienda Shimanzi. Nilimkuta huko siku moja nilipompelekea dereva wa lori spika yake. Karani alikuwa ameegesha nyuma ya maghala, pale malori yanapojipanga kungoja makontena, mahali penye kelele kuliko pote kisiwani. Vioo vyote amefunga. Joto la Mombasa mwalijua; kanzu ilikuwa imemganda mgongoni, na midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja na wimbo. Alichagua mahali ambapo hata yeye mwenyewe hakuweza kusikia vizuri.

Nilicheka hadi dereva wa lori akaniuliza kuna nini. Nilicheka tena wiki iliyofuata, mama yangu aliponieleza kwamba mke wa Karani, gari likishapinda kona tu, huifungulia simu yake jikoni na kupika na nyimbo zilezile. Kiapo kilikuwa kikivunjwa kila siku saa kumi, na ndani ya nyumba yenyewe, na saa kumi na moja unusu mume na mke wakaketi kunywa chai ya rangi, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma kwa kuwa hajui sauti ya mtoto ilivyopevuka.

Baadaye sikucheka tena; nilikasirika. Tanga si ng'ambo ya dunia. Siku moja alipokuja kubadilishiwa fyuzi nilimwambia, "Bwana Karani, basi la Tanga laondoka hapa, mbele ya kibanda changu. Nitakukatia nafasi ya dirishani."

"Nani aliyeondoka?" akauliza.

"Yeye."

"Basi aliyeondoka ndiye anayerudi. Huo ndio utaratibu."

"Na kama naye anangoja?"

Akaitazama fyuzi iliyoungua kwenye kiganja changu, akaniomba nimpe aitie kwenye faili.

Siku hizi vijana wanaooa hutaka magari ya babu zao, ijapokuwa kukaa na babu wenyewe hawataki. Ndivyo gari la Karani lilivyoombwa kumpeleka bwana harusi wa mtaani kwenye nikaha, msikitini Bondeni. Karani alikubali kwa sharti kwamba ataendesha mwenyewe. Bwana harusi na mshenga wake wakakaa nyuma, wamevaa majoho. Mimi nikawekwa mbele, kwa sababu gari lile lilikuwa na tabia ya kuzimika, na fundi wa redio ni afadhali kuliko kukosa fundi kabisa. Vioo tulivifungua vyote, bwana harusi aonekane.

Likazimika Biashara Street, katikati ya maduka ya leso, saa ambayo wanawake wa mji mzima wako pale wakichagua. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Karani akazungusha ufunguo mara moja, mara mbili. Mara ya tatu injini ikashika, na pamoja nayo ikaamka redio ya ndani ya kasha, ikaitafuta simu iliyokuwa mfukoni mwake, ikaendelea palepale alipoiachia jana.

Nilizipanga spika zile mwenyewe, na lazima niseme kazi ilikuwa safi. Sauti ilitoka chini ya viti, ikatoka nyuma, ikatoka kwa vioo vinne ikaingia madukani. Ulikuwa wimbo wa harusi, wa kumtukuza bwana harusi.

"Ahsante, Bwana Karani!" bwana harusi akapiga makofi. "Umenifanyia jambo kubwa!"

Wanawake wakageuka. Kwanza walitambua sauti, halafu wakatambua gari, halafu wakamtambua aliyeshika usukani. Kisha mama mmoja mwenye doti ya leso begani akapiga kigelegele, na barabara nzima ikamwitikia. Wakatoka madukani, wengine simu juu wakirekodi, wengine wakiimba kiitikio.

Nikainama kumnong'oneza, "Bwana Karani, ufunguo wa kasha. Nipe niizime."

Ufunguo ulikuwa pale pale, kwenye mfuko wa kifuani. Niliona umbo lake. Akatazama mbele.

"Niko barabarani," akasema. "Dereva hatoi mikono kwenye usukani."

Na mtu yule, ambaye hamali wa viazi alimpita, siku ile alikwenda polepole zaidi. Tulimaliza Biashara Street kwa muda ambao mtu angeweza kununua leso, kuzikata na kuzishona pindo. Jasho lilimtiririka toka kwenye kofia hadi kidevuni, na hakulifuta.

Kesho yake, baada ya alasiri, niliitwa barazani. Wazee walikuwa wamekaa kama mahakama, na Karani amesimama.

"Fundi," mkubwa wao akaniuliza, "sisi twajua gari hili lina redio mbovu ya kaseti. Jana pametoka nini?"

Karani alinitazama. Hakuwa amenifunza la kusema. Miaka yote alihakiki maneno ya watu, lakini uongo hakuwa na ujuzi wa kuutunga. Nikamwonea huruma, na bado nikaona raha kidogo kumchelewesha.

"Redio hizi za zamani," nikasema mwishowe, "gari likizimika na kuwaka kwa kishindo, hufufuka zikanasa stesheni."

"Stesheni gani?"

"Ya Tanga."

Wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema Tanga si mbali, mawimbi hupita juu ya bahari bila kizuizi. Mwingine akaongeza kwamba ameshawahi kusikia jambo kama hilo. Hakuna aliyeamini, na hakuna aliyetaka mwenzake ajue kwamba haamini. Tulipokuwa tukiagana, mkubwa wao akanivuta kando. "Stesheni hiyo," akaninong'oneza, "hushikwa namba ngapi?"

Njiani Karani hakunishukuru. Alipofika mlangoni kwake aligeuka. "Umesema 'zikanasa'. Redio hainasi. Hupokea." Akaingia ndani.

Rekodi za Biashara Street zilitembea. Zilimwonyesha yeye, mikono miwili juu ya usukani, na sauti ya binti yake ikitoka kila upande. Haikuhitaji mtu mwenye elimu kujua zitafika wapi.

Nilimwona mara ya mwisho mwezi uliopita. Ilikuwa asubuhi, ndiyo kwanza nimefungua kibanda, gari la rangi ya maziwa likaja likasimama kwa breki ya ghafla ambayo Karani hangeipiga maishani mwake. Kwenye usukani alikuwa binti. Karani alikuwa upande wa abiria, miwani myeusi usoni, maana alikuwa ametoka kutolewa mtoto wa jicho na daktari amemkataza kuendesha. Binti alikuja kwa ajili ya upasuaji, akasema atakaa mpaka baba aone vizuri. Karani akasema hiyo itachukua muda mrefu sana, na akasema kama mtu anayetaka iandikwe.

Taa ya kugeukia ilikuwa haiwaki. Nilipokuwa nikibadilisha balbu, binti akaja kusimama nami nyuma ya gari.

"Amekuomba radhi?" nikamwuliza kwa sauti ya chini.

Alicheka. "Baba? Neno la kwanza aliloniambia mlangoni ni kwamba jina la wimbo wangu mmoja limeandikwa vibaya mtandaoni. Wimbo wenyewe, yakhe, hata kikundi chetu wameusahau."

"Mnanisema," Karani akaita kutoka mbele.

"Twasema taa, Baba."

Akarudi kwenye usukani. Aliligusa kasha la mbele, akanitazama kupitia dirishani. "Nimekaa wiki mbili na watu wote wananisimulia redio hii. Mbona mwenyewe hataki niiwashe? Imekufa?"

"Ni nzima," nikasema. "Labda ufunguo umepotea."

"Ufunguo ninao," akasema Karani.

"Basi washa, Baba, nami nisikie hizo spika."

"Mwenye sauti yupo hapa. Redio ya nini?"

Mkono wa binti ulikuwa kwenye gia na haukuisogeza. Basi lililokuwa nyuma yao likapiga honi, kisha likapiga tena, na Karani, aliyezoea kuchukia honi, hakugeuka. Akateremsha kioo cha upande wake mpaka mwisho. Kisha akainama kupita mbele ya binti, akakiteremsha na cha upande wake.

"Haya, anza," akamwambia. "Na ubeti wa pili usiukimbize."